Kilowati 70 na mafundi gesi wa aina mbili

Kadi ya fundi gesi wa Uingereza ina pande mbili, na wateja wengi husoma upande mmoja. Mbele kuna picha yake, namba ya leseni, tarehe ya leseni kuisha na ile pembetatu ya njano ya Gas Safe Register, sajili rasmi ya mafundi gesi. Mwenye nyumba akiona picha inafanana na mtu aliyesimama mlangoni, kwake yameisha, karibu ndani. Nyuma ya kadi ndiko zilikoorodheshwa kazi anazoruhusiwa kuzigusa: boila ya nyumbani (mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kuogea na ya kupashia nyumba joto), jiko, hita ya sebuleni, mita, mitambo ya biashara. Mtu anaweza kuwa fundi halali, amesajiliwa na ada ya mwaka amelipa, na bado asiwe na ruhusa ya kazi uliyomwitia.

Chukua mtu mwenye nyumba kubwa, tuseme kule Surrey au Cheshire. Vyumba vya kulala vinane, bwawa la kuogelea la ndani, mabafu kila kona. Anataka boila ya kilowati 90. Hiyo ni kazi ya nyumbani au ya biashara? Yeye atakwambia ni ya nyumbani, maana ndipo anapolala na wanawe. Fundi wa mtaani, anayeona kazi nzuri ya pesa nzuri, naye atashawishika kukubaliana naye. Lakini taratibu za ufundi gesi za Uingereza hazimuulizi mtu analala wapi. Zinauliza kwanza boila inakula gesi kiasi gani.

Mstari umechorwa kwenye kilowati 70. Boila nyingi za nyumba za kawaida ni kati ya kilowati 24 na 35, kwa hiyo fundi anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kuukaribia. Chini ya mstari anahitaji cheti cha msingi cha usalama wa gesi ya nyumbani, kinachojulikana kwa kifupi CCN1, pamoja na cheti cha boila na hita za maji, CENWAT. Boila ikizidi kilowati 70, hata ikiwa imefungwa chini ya chumba cha kulala cha mtoto, inahesabiwa kuwa mtambo wa biashara. Hapo anatakiwa awe na cheti cha msingi cha biashara, COCN1, au yule wa nyumbani afanye mtihani wa daraja la kuvukia uitwao CODNCO1, kisha aongeze cheti cha vifaa vyenyewe, CIGA1. Bado mabomba hatujayagusa.

Hizo kilowati 70 ni za kipimo halisi, na hapa watu hujikwaa. Gesi ikiungua, sehemu ya joto lake huondoka ndani ya mvuke wa maji. Ukihesabu joto lote pamoja na la mvuke unapata kipimo ghafi. Ukiliondoa la mvuke unapata kipimo halisi, kama vile mshahara kabla na baada ya makato. Kwa gesi asilia tofauti ni karibu asilimia 11, kwa hiyo 70 halisi ni karibu 78 ghafi. Anayesoma kibao cha boila bila kujua ni kipimo gani kimeandikwa anaweza kumnyima fundi kazi iliyo yake au, vibaya zaidi, kumpa isiyo yake.

Kwa nini 70, kwa nini isiwe 60 au 100? Namba hii inatokana na mpaka wa vitabu vya viwango vya Uingereza, vile vinavyoanza na herufi BS. BS 6798, kinachoeleza namna ya kufunga boila za nyumbani, kinaishia kilowati 70. BS 5440, kinachosimamia dohani na matundu ya hewa, nacho kinaishia hapo hapo. BS 6644 kinaanzia 70 na kwenda hadi megawati 1.8. Vyeti vya mafundi vilifuata mkato huo. Kila mpaka wa namna hii una uonevu wake: boila ya kilowati 69 na ya 71 hazina tofauti ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Lakini mkaguzi hawezi kufanya kazi kwa neno kama "kubwa kiasi", na mtu yeyote aliyewahi kubishana na fundi kuhusu nini ni "kidogo tu" atanielewa.

Msimamo wangu ni kwamba Waingereza walipatia walipokataa kumpima fundi kwa aina ya mlango anaoingia, wakampima kwa kile atakachokigusa. Wasiwasi nilio nao ni kwamba kilowati peke yake hazielezi hatari. Ukiufuatilia mfumo wao kwa undani unagundua kwamba wao wenyewe wanajua, ndiyo maana wameweka mistari mingine isiyozungumzwa sana.

Mstari wa kwanza ni wa mita na mabomba. Fundi wa nyumbani anaruhusiwa kupima uvujaji kwenye mfumo wenye mita isiyozidi mita za ujazo 16 kwa saa, mabomba yasiyozidi milimita 35, na ujazo wote wa gesi ndani ya mfumo usiozidi mita za ujazo 0.035, yaani lita 35. Lita 35 zinasikika nyingi, hebu tupige hesabu. Mita ndogo ya kawaida ya nyumbani, ya mita za ujazo 6 kwa saa, huhesabiwa kuwa na ujazo wa lita 8. Inaweza kulisha kama kilowati 64 ghafi hivi, maana mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa karibu kilowati-saa 10.8. Kwa maneno mengine, hata kabla boila haijafika kwenye mstari wa 70, mita ya kawaida imeshazidiwa, na jiko bado halijawashwa.

Basi mwenye nyumba anapanda hadi mita ya 16. Hii huhesabiwa kuwa na ujazo wa lita 25. Zimebaki lita 10 tu za bomba. Bomba la shaba la milimita 35 lina karibu lita 0.84 kwa kila mita ya urefu, na kanuni inataka uongeze asilimia 10 kwa ajili ya viungo. Gawanya, unapata karibu mita 11. Nyumba yenye mita ya gesi getini na chumba cha boila upande wa pili wa bustani imezimaliza mita 11 kabla bomba halijafika ukutani.

Hesabu hiyo mwenye nyumba haioni, na fundi asiyesomea haioni pia. Boila inaweza kuwa ya kilowati 60, chini ya mstari, cheti cha boila kipo, na bado fundi huyo akawa hana ruhusa ya kulipima bomba linaloilisha. Kwa kazi hiyo kuna cheti kingine, TPCP1A, kwa mifumo isiyozidi mita moja ya ujazo, na TPCP1 kwa mikubwa zaidi. Na sababu zake zinaeleweka. Kupima uvujaji nyumbani ni kupandisha shinikizo hadi milibari 20, kusubiri dakika moja litulie, kisha kutazama geji kwa dakika mbili. Kwenye mfumo mkubwa, tundu lilelile linalovujisha gesi ileile halionekani kwenye geji kwa dakika mbili, kwa sababu gesi iliyopungua ni tone ndani ya pipa. Muda wa kupima lazima urefushwe kwa hesabu, na hesabu hiyo lazima fundi aijue.

Halafu kuna kutoa hewa ndani ya bomba jipya ili gesi iingie. Gesi asilia hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko wake na hewa. Kila bomba jipya linapojazwa gesi kwa mara ya kwanza, lazima lipite katikati ya hali hiyo. Nyumbani, lita chache hutolewa kupitia jiko, dirisha likiwa wazi, fundi akiwa amesimama hapo. Bomba la hospitali likitolewa hewa kwa mtindo huo chumba kinajaa baruti isiyoonekana. Linatakiwa bomba la kutolea nje, kizuia moto kwenye mdomo wake, watu wa kulinda eneo, na mpango ulioandikwa. Anayepika wali wa watu sita kila siku, na anaupika vizuri, haimaanishi ataliweza sufuria la harusi.

Kuna ujanja unaozungumzwa sana kwenye nyumba hizi kubwa. Badala ya boila moja ya kilowati 90, weka mbili za 45 ubavu kwa ubavu. Kila moja iko chini ya mstari. Kwa karatasi, ni boila mbili za nyumbani. Gesi zinayokula pamoja ni kama mita za ujazo 9 kwa saa, ndani ya uwezo wa mita ya 16. Je, fundi wa nyumbani azifunge?

Kiufundi mpangilio wa boila mbili si mbaya hata kidogo. Moja ikiharibika Januari, nyingine inaendelea, na siku za joto kiasi inawaka moja tu. Ubaya unakuja pale lengo linapokuwa kukwepa cheti. Hewa ya kuunguzia haijui kwamba boila ni mbili. Chumba chenye kilowati 90 kinahitaji hewa ya kilowati 90, na viwango vya vyumba vya mitambo hujumlisha vyote vilivyomo ndani. Kwangu mimi jibu lisiwe na mjadala: hesabu chumba, usihesabu kibao cha boila moja moja. Fundi anayetaka kupanga boila kwa jozi aende akasome matundu ya hewa ya vyumba vya mitambo, akafanye mtihani, arudi. Nimesoma hoja za mafundi wanaosema hili ni kuwaongezea gharama wadogo ili makampuni makubwa yale peke yao. Gharama ipo kweli. Vyeti hivi hurudiwa kila baada ya miaka mitano, usajili hulipiwa kila mwaka, na siku za mtihani ni siku zisizo na mapato. Ila hoja ya gharama haijibu swali la hewa.

Inafaa kukumbuka mfumo huu ulitoka wapi. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mpangaji mmoja kwenye ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha jiko achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku. Mlipuko ulisukuma nje kuta za zege zilizobeba ghorofa za juu, na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka kama miezi miwili tu baada ya jengo kufunguliwa. Walikufa watu wanne. Mpangaji mwenyewe alinusurika. Chanzo kilikuwa nati ya shaba isiyofikia kiwango kwenye kiungo cha jiko. Hapo hakukuwa na boila ya kilowati 500 wala chumba cha mitambo. Kulikuwa na jiko la nyumbani na nati moja.

Kutokana na hilo, mwaka 1970 ikaanzishwa CORGI, sajili ya mafundi gesi ambayo mwanzoni kujiunga kulikuwa hiari. Iliwachukua Waingereza hadi 1991 kuufanya usajili kuwa wa lazima, na tarehe 1 Aprili 2009 Gas Safe Register ikachukua nafasi ya CORGI. Kanuni zinazotumika leo ni za 1998. Nasisitiza hiyo miaka 21 kati ya hiari na lazima, kwa sababu wapo wanaodhani Uingereza ilizaliwa na utaratibu mkononi. Waliuvuta polepole, na walizika watu njiani.

Ronan Point inatuonya tusiwadharau mafundi wa vitu vidogo. Kisa cha Corfu kinaonya kitu kingine. Oktoba 2006, watoto wawili Waingereza, wa miaka sita na saba, walikufa wakiwa likizo kwenye kibanda cha hoteli katika kisiwa hicho cha Ugiriki. Boila ilikuwa kwenye kibanda cha nje kilichoshikana na chumba chao. Ilifungwa vibaya, kifaa cha kuizima wakati wa hatari kilikuwa kimepitiwa kwa waya, na moshi wake wenye kaboni monoksidi ulipenya ukutani hadi walikolala. Mwaka 2010 mahakama ya Ugiriki iliwatia hatiani meneja wa hoteli na watu wengine wawili.

Ukiitazama kwa jicho la kilowati, boila ile ilikuwa ya nyumbani. Ukitazama mahali, ilikuwa ya biashara: waliolala pale hawakuichagua, hawakuwahi kuiona, hawakujua sauti yake ya kawaida ikoje ili wastuke ikibadilika. Nyumbani mtu huona rangi ya moto imegeuka njano, huona masizi ukutani, hulalamika kichwa kinauma. Mgeni wa hoteli amefika jana. Kaboni monoksidi haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema ukubwa wa mtambo ndio kila kitu. Anayefunga boila ndogo kwenye nyumba ya wageni, shule ya chekechea au saluni anahitaji kujua mambo ambayo boila hiyohiyo jikoni kwake haimdai: nani ana ufunguo wa chumba, nani anatunza kumbukumbu za ukaguzi, nani anazuia masanduku yasirundikwe mbele ya tundu la hewa. Ule mtihani wa kuvukia, CODNCO1, unamtoa fundi kwenye mazingira ya nyumbani na kumwingiza kwenye ya biashara, na ningetamani kila fundi wa nyumbani aufanye hata kama hana mpango wa kugusa mtambo mkubwa maishani mwake.

Sasa nije kwenye tobo ambalo linanishangaza kila nikilifikiria. Kanuni za 1998, zinazomlazimisha fundi kusajiliwa, haziyagusi maeneo fulani: viwanda, migodi, machimbo ya mawe, mashamba, na mengine machache, isipokuwa zile sehemu zake ambazo watu wanaishi. Maana yake ni kwamba boila kubwa kuliko zote, zile zinazochemsha maji ya kiwanda cha maziwa au cha nguo, zinaweza kuwa mahali ambapo sheria hiyo ya usajili haifiki. Hazikuachwa bila ulinzi. Sheria ya usalama kazini ya 1974 inamtaka mwajiri atumie mtu mwenye uwezo, na mitambo ya mvuke ina kanuni zake za mwaka 2000 zinazodai ukaguzi kwa mpango ulioandikwa. Waajiri wengi makini hudai kadi ya Gas Safe hata hivyo. Lakini kisheria, mtu anayefunga boila ya kilowati 24 kwenye fleti ya bibi kizee amebanwa na sajili, na anayefunga ya megawati 5 kiwandani amebanwa na neno "uwezo", ambalo kila mmoja hulipima kwa rula yake. Mantiki yake ni kwamba kiwandani kuna wahandisi, nyumbani hakuna. Mwaka 1974 pengine viwanda vilijaa wahandisi. Leo vingi vinaajiri wakandarasi wa nje kwa zabuni ya bei ya chini, na mhandisi wa kiwanda alishastaafu bila mrithi. Ningekuwa mtunga kanuni wa Uingereza, hapa ndipo ningeanzia.

Jambo jingine linalopitwa haraka ni kwamba vyeti vya gesi havimalizi kazi. Tangi la maji ya moto lisilo na njia ya wazi ya kupumulia, likizidi lita 15, lina cheti chake cha peke yake, kile kinachoitwa G3, kwa sababu likipoteza vidhibiti vyake hulipuka bila gesi yoyote kuhusika. Nyaya za umeme zina utaratibu wake. Na gesi ya mitungi nayo ni mtihani mbali, kwa kuwa tabia yake ni tofauti: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu, ilhali propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hutambaa sakafuni, hushuka kwenye mtaro na kujikusanya humo ikisubiri cheche. Waingereza hata wameugawa mtihani huo wa mitungi kwa mahali: nyumba za kudumu, nyumba za kuhamishika, magari ya kitalii ya kulala, mashua. Fundi wa mashua hahesabiwi kuwa fundi wa nyumba hadi athibitishe.

Hapo kwenye mitungi ndipo mada hii inapovuka bahari na kuja kwetu. Afrika Mashariki hatuchemshi maji ya kupashia nyumba, kwa hiyo boila ya kilowati 90 kwenye nyumba ya mtu ni habari ya mbali. Lakini jiko la shule ya bweni lenye wanafunzi 800 haliko mbali. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na serikali imekwisha kuzielekeza taasisi kubwa ziache kuni na mkaa. Shule, magereza, kambi na hospitali zinahamia kwenye gesi, nyingine umeme. Zinazohamia gesi hazifungi jiko la plati mbili. Zinafunga mitungi mikubwa iliyounganishwa pamoja, au tangi nje, regulata, mabomba yanayopita ukutani, na majiko makubwa yanayowaka kwa saa nyingi mfululizo ndani ya jengo ambalo lilijengwa kwa ajili ya kuni, lenye paa lililotobolewa kwa moshi na sakafu yenye mtaro wa maji machafu katikati. Propani na mtaro, nimeshasema.

Kwenye umeme tayari tunaijua busara ya madaraja. Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, humpa fundi wa daraja la C2 umeme wa fezi moja, wa C1 fezi tatu, na B na A1 kwenda juu zaidi. Tanzania, mamlaka ya nishati na maji, EWURA, nayo hutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na hakuna mwenye akili timamu anayemwita fundi wa soketi za nyumbani aje afunge transfoma. Hakuna anayeona madaraja hayo ni urasimu wa kuiga wazungu. Lakini ikija gesi, mtaani neno "fundi gesi" linameza wote: anayebadilisha mpira wa mtungi wa kilo 6 na anayetandaza bomba la mita 60 kwenye jiko la chuo. Ukiuliza aliyefunga alipimwa kwa lipi, mara nyingi unatajiwa jina la kampuni iliyouza mitungi.

Sipendekezi tubebe herufi za Waingereza zote, CCN1 na ndugu zake. Nyingine zinahusu hita za ukutani na dohani za nyumba za baridi, kwetu hazina kazi. Ninachokiona kinafaa kuchukuliwa ni mkato wenyewe, na uwe na namba. Mtungi mmoja na jiko lake kwenye nyumba, daraja la kwanza. Mitungi iliyounganishwa, au bomba linalovuka ukuta wa jengo kwenda jengo jingine, daraja la pili. Tangi, au jiko linalolisha zaidi ya idadi fulani ya watu, daraja la tatu. Idadi hiyo waipange wataalamu, ila iandikwe, isiachiwe busara ya mkandarasi. Na kila daraja lipimwe kwa vitendo: apime uvujaji wa bomba lenye tundu lililotegwa, aeleze gesi nzito itakwenda wapi ikivuja usiku, atie saini karatasi inayobaki ukutani jikoni ili atakayekuja baada ya mwaka mmoja ajue bomba lilipimwa kwa shinikizo gani na lilishuka kiasi gani.

Karakana zipo. VETA ya Tanzania na NITA ya Kenya, taasisi za mafunzo ya ufundi, wamekuwa wakipima mafundi wa fani nyingine kwa madaraja kwa miaka mingi, mtihani wa vitendo si kitu kigeni kwao. Ugumu utakuwa kwa watahini, kwa kuwa wa kwanza lazima watoke kwa wale waliokwisha kufanya kazi kubwa kwenye maghala ya gesi, hoteli na viwanda, na hao mshahara wa karakana hauwavuti. Pia kuna mafundi wa siku nyingi wenye mikono mizuri na hawana karatasi. Uingereza iliwawekea wazoefu njia yao ya kufanyiwa mtihani bila kuanza darasani upya, na hapo hatuna sababu ya kuwa wakali kuliko wao.

Itabaki pesa. Bajeti ya jiko la shule huhesabu mitungi, majiko, mabomba, saruji ya kibanda cha nje na rangi. Gharama ya kumpima fundi na kukagua kazi yake ingekaa kwenye jedwali hilohilo, mstari mmoja juu ya rangi.